Wimbi Lilipokuwa Njiani

Mtu aliyeponea chupuchupu huulizwa alihisi nini. Mimi sikuhisi kitu. Mchana wa tarehe 26 Desemba 2004 nilikuwa ndani ya maji ya Galu, pwani ya Kenya, kati ya ufuo na mwamba. Ilikuwa bamvua, kaskazi inavuma, bahari imekupwa asubuhi na sasa inajaa taratibu. Kiasi cha saa saba ikageuka. Maji yaliyokuwa yakijaa yakarudi nyuma ghafla, vidau vikalalia ubavu mchangani, kisha yakaja kwa kishindo yakapanda, yakarudi tena. Mzee mmoja aliyekuwa akikunja nyavu zake aliyatazama, akasema, "Haya si maji ya leo. Tokeni, wanangu." Tukatoka. Wala hatukukimbia.

Habari tulizipata baadaye redioni. Ardhi ilikuwa imetetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra na kuzusha wimbi, na kwa saa zetu hapa Kenya ilikuwa bado kidogo kufika saa kumi za usiku. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi. Nilipoamka kuswali alfajiri, wimbi lilikuwa tayari safarini. Nilipokuwa nikinywa chai, lilikuwa linakuja. Lilivuka bahari nzima, maelfu ya kilomita, nami huku nawaza samaki wa mchana. Basi ni asubuhi ngapi nyingine kitu kimekuwa njiani kunijia, kikapinda au kikafifia, nami sikujua hata nikashukuru?

Kenya tulipoteza mtu mmoja, kule Malindi. Wataalamu hutaja umbali, hutaja maji ambayo yalikuwa hayajajaa, hutaja mwamba. Ninayapokea yote, na shukrani yangu haipungui: mwamba huo sikuujenga mimi. Wapo pia wanaosema tulikingwa na dua za wazee wa Kaya Kinondo, msitu ulio jirani yetu, na hao nawasikiliza kwa heshima, kwa kuwa ndani ya msitu ule yaliombwa mambo mengi kabla sijazaliwa.

Ninapokwama ni pale mtu anaposema, "Mungu alituona sisi." Wimbi lilelile lilifika Hafun, kwenye ncha ya Somalia, likabomoa nyumba. Somalia ilizika mamia. Aceh, kule Sumatra, hawakupata hata nafasi ya kuzika mmoja mmoja. Mvuvi wa Hafun naye aliamka alfajiri, akatawadha, akaelekea kibla ileile ninayoielekea mimi. Pengine alisujudu kwa muda mrefu kuliko mimi. Nikisema niliokolewa kwa wema wangu, nimeshamhukumu yeye, naye ni maiti asiyeweza kujitetea.

Kwa hiyo nimejifunza kushukuru bila kueleza kwa nini. Ni vigumu, kwa sababu moyo hupenda sababu, hasa sababu inayousifu. Siku nyingine najikuta nimeianza tena ile hesabu ya saa, nikitafuta ndani yake jambo lililofanywa kwa ajili yangu peke yangu. Silioni. Naiona asubuhi niliyopewa, na mtu wa Hafun aliyepewa asubuhi hiyohiyo, ikamkatikia mchana.

Mwisho wa Desemba mmoja, tulipokutana kusoma dua, nilimwomba imamu wetu tuanze na maiti wa Hafun na Aceh, shukrani zetu zifuate. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama namjua mtu yeyote wa huko. Nikamjibu simjui. Akaanza na wao.