Jumamosi Iko na Mtu

Jumamosi fundi alipokuja kufunga mashine ya kufua, mama fua naye alibisha hodi saa mbili asubuhi kama kawaida. Ningependa kusema nilisahau kumwambia. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Aliingia, leso imefungwa kiunoni, akamkuta fundi amepiga magoti nyuma ya mashine akifungua boliti nne zinazoshikilia pipa lisicheze wakati wa safari. Usipozitoa, mashine hutikisika na kutembea sakafuni kama mlevi. Mama akaitazama mashine, akanitazama mimi. "Kumbe umenunua."

"Eeh, mathe. Nilipata ofa."

Kana kwamba ni ofa iliyoamua.

Hesabu nilikuwa nimeipiga vizuri. Kwa miaka miwili nimemlipa shilingi 700 kila Jumamosi. Mashine ya kilo 7 ilinigharimu 45,000. Ukigawanya unapata Jumamosi 64 na ushee, yaani mwaka mmoja na robo, halafu baada ya hapo unalipia tokeni, sabuni na maji tu. Nilichosahau ni kupiga hesabu ya upande wa pili. 700 mara nne ni 2,800 kwa mwezi, na kwa mtu anayelipa kodi kwa vibarua vya siku, hizo si pesa za kuchezea.

Rafiki mmoja nilipomsimulia alicheka. "Bro, hayo ndiyo maendeleo. Waliokuwa wakipiga taipureta walienda wapi?" Mwingine akaniambia ningemwachia tu mama kazi yake, kama kweli namwonea huruma. Wote wawili walinikera, na imenichukua muda kujua kwa nini.

Wa kwanza anazungumzia maendeleo kama mvua, kitu kinachonyesha tu bila mtu wa kuulizwa. Lakini mashine haikujinunua. Ni mimi niliyetoa simu nikalipa. Wa pili naye anadhani kufua kwa mikono ni kazi ya kulindwa. Nimemwona mama akikamua jinzi zilizolowa maji, vidole vimechubuka kwa sabuni, akisimama mara kwa mara kunyoosha mgongo. Kumwacha mtu ameinama juu ya karai ili mimi nijione mwema ni sadaka ambayo jasho lake analitoa yeye.

Mwaka 2010 daktari mmoja wa Uswidi, Hans Rosling, alitoa hotuba kuhusu mashine ya kufua. Alisimulia siku mama yake alipoipata ya kwanza, na jinsi nyanya yake alivyoketi mbele yake kuitazama ikifanya kazi. Muda uliopatikana, mama aliutumia kumpeleka mwanawe maktaba. Niliipenda sana hotuba hiyo, na nikawatumia watu wengi. Ila katika hadithi ile, aliyepata mashine ndiye aliyekuwa akifua. Nyumbani kwangu mfuaji alikuwa mtu mwingine, na mashine haikumpunguzia kazi bali ilimpunguzia mapato. Mama yangu mzazi bado anafua kwa karai kule ushago, kwa maji ya kuchota. Mgongo uliookolewa ni wangu, na wangu haukuwa ukiuma.

Basi nina deni gani? Nilikimbilia sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 35, inasema mkataba wa anayelipwa kwa siku unaweza kukatizwa mwisho wa siku yoyote bila notisi. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Kwa hivyo nikajiambia kwamba kisheria nilikuwa sawa. Ningeweza kumlipa 700 zake jioni ile, nikafunga mlango.

Lakini siku hiyo ilikuwa ya mgao, na tangi la paa lilikuwa limekauka. Fundi alipowasha mashine ya majaribio, haikupata hata tone. Tukashuka ghorofa nne, mimi na mama, tukapanda na mitungi. Fundi akasema maji yamiminwe kupitia droo ya sabuni. Mama ndiye aliyemimina, polepole, bila kumwaga. Pipa likaanza kuzunguka. Tukasimama wote watatu tukilitazama.

Ndipo aliposema, bila hasira, "Ungeniambia mwezi uliopita, kijana. Kuna mama ako na watoto watatu aliniomba Jumamosi. Nikamwambia Jumamosi iko na mtu."

Mtu huyo nilikuwa mimi. Hatukuwahi kuandikiana chochote, lakini kwa miaka miwili, kila nilipomlipa na kunyamaza, ukimya wangu ulimwambia aje wiki ijayo. Aliuamini akafunga mlango mwingine. Na mimi wiki tatu nzima nilikuwa nikilinganisha mashine za mlango wa mbele na za mlango wa juu, nikiuliza kuhusu wati na presha ya maji. Muuzaji alijua. Fundi alijua. Marafiki zangu walijua. Aliyekuwa akipoteza kitu ndiye pekee aliyekuwa hajui.

Sidhani nilikuwa na deni la kumpa kazi milele. Hakuna anayeweza kuahidi hilo, hata mwajiri wangu hajaniahidi. Deni langu lilikuwa neno, tena kwa wakati, alipokuwa bado anaweza kulitumia. Neno hilo lingenigharimu dakika tano za aibu. Nilizikwepa, akazilipia yeye.

Nilimwambia aje Jumamosi nne zaidi, zile siku 28, na nitamlipa kuwe na nguo au kusiwe. "Pesa ya bure sitaki," akasema. Akaja akafua mablanketi mazito yasiyoingia kwenye pipa, akasugua zulia, akaosha mapazia ambayo sijui mara ya mwisho yaliona maji lini.

Jumamosi ya tatu, akianika, aliniambia amepata nyumba nyingine, kwa hivyo wiki ijayo ingekuwa yake ya mwisho kwangu. Alitaka nijue mapema, nisije nikamngoja.