Amana ya Mwalimu: Tafakuri kuhusu Sheria, Kitabu na Darasa

Mnamo Januari 2023, katika kaunti ya Manatee, jimbo la Florida nchini Marekani, baadhi ya walimu walizifunika kwa karatasi rafu za vitabu zilizokuwa madarasani mwao. Vitabu vyenyewe havikuwa vimepigwa marufuku. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2022 ilitaka kila kitabu cha maktaba ya shule kiidhinishwe na mkutubi mwenye cheti na mafunzo maalum, na maafisa wa elimu wakaitafsiri kwamba rafu ya darasani nayo ni maktaba. Kando ya hiyo ilikuwapo sheria ya jinai inayohusu kumpa mtoto maandishi yenye madhara kwa watoto, ambayo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Mwalimu aliyezisoma sheria hizo mbili kwa pamoja aliona heri karatasi kuliko mahakama.

Tukio hili lazusha swali linalopita mipaka ya sheria na ya Florida. Je, ni nani anayestahili kubeba dhima ya kitabu anachokabidhiwa mtoto darasani? Makala haya yanadai kwamba dhima hiyo ni amana ya mwalimu, na kwamba sheria inayompokonya amana hiyo kwa vitisho humdhuru mtoto ambaye inadai kumlinda.

Hoja ya watetezi wa sheria za namna hii haifai kupuuzwa. Ni hoja kongwe. Plato, katika Jamhuri, alitaka visa wanavyosimuliwa watoto vichujwe kwanza, kwa kuwa nafsi changa haiwezi kutenganisha fumbo na uhalisi. Mswahili naye husema samaki mkunje angali mbichi, na maana yake ni kwamba umri wa kukunjika ndio huo huo umri wa kuharibika. Aidha, watetezi wa uhuru wa kusoma hukimbilia upesi kwa John Stuart Mill bila kukumbuka kwamba katika On Liberty, kitabu cha mwaka 1859, Mill mwenyewe aliwatoa watoto katika kanuni yake ya uhuru. Mtoto, kwa maoni yake, bado yumo chini ya ulezi wa wengine. Kwa hiyo ni muhali kuutetea uhuru wa darasa kwa hoja zile zile zinazoutetea uhuru wa mtu mzima anayenunua kitabu dukani. Mwanafunzi hakuja shuleni kwa hiari kamili, wala hakichagui kitabu anachosomeshwa. Utetezi wa darasa wahitaji msingi mwingine.

Msingi huo utafutwe katika tofauti iliyopo baina ya kuteua na kuharimisha. Hakuna shule isiyoteua. Muda ni mchache, fedha ni chache, na kila kitabu kinachosomwa kimechukua nafasi ya vingine. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2013 iliipa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala mamlaka ya kutathmini na kuidhinisha vifaa vya kufundishia, na vitabu teule vya fasihi hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Anayeteua hulazimika kueleza ubora wa alichokiteua. Anayeharimisha halazimiki kueleza lolote kuhusu ubora. Yamtosha kuonyesha doa. Mahakama Kuu ya Marekani iliigusa tofauti hii mwaka 1982 katika kesi ya Pico, iliyotokana na bodi ya shule ya Island Trees, New York, kuondoa vitabu maktabani, kikiwamo Black Boy cha Richard Wright. Majaji waligawanyika sana, lakini rai ya jaji Brennan ilishikilia kwamba bodi haiwezi kuondoa kitabu maktabani kwa sababu tu inachukia mawazo yaliyomo. Rai hiyo hiyo iliiachia bodi mamlaka mapana juu ya mtaala wa darasani. Maktaba ilipata mtetezi. Mwalimu akaachwa njia panda.

Hapa ndipo mhakiki wa fasihi anapopaswa kusema jambo ambalo mwanasheria huenda asiliseme. Sheria nyingine ya Florida, ya mwaka 2023, iliagiza kwamba kitabu kinacholalamikiwa kuwa kina maelezo ya tendo la ngono kiondolewe katika siku 5 za masomo, kikae nje hadi lalamiko liamuliwe. Maelezo yenyewe yalitosha kukihukumu kitabu. Kanuni ya kesi ya Miller ya mwaka 1973, inayotaka kazi ipimwe kwa ujumla wake, ilikuwa imewekwa kando. Mnamo Agosti 2025 jaji Carlos Mendoza wa mahakama ya serikali kuu aliamua kwamba katazo hilo lilikuwa pana mno na lilikiuka katiba. Hata hivyo, kosa lake la kihakiki lingebaki kuwa kosa hata kama mahakama zote zingelibariki. Kifungu kilichong'olewa katika kitabu si kitabu. Maana ya tukio katika riwaya hukaa katika uhusiano wake na yaliyotangulia na yanayofuata, katika sauti ya msimulizi, na katika hatima ya wahusika.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, watosha kuwa mfano. Ndani yake mama anamfundisha bintiye jinsi ya kumhudumia mume, kujipamba na kujitia manukato. Msomaji anayewinda vifungu angeweza kuzikusanya beti chache na kuzipeleka mbele ya bodi kama ushahidi. Msomaji wa utendi mzima hukutana na mama mgonjwa anayemwachia mwanawe wasia, na wasia huo umezungukwa na dua. Anaweza pia kuupinga, kama walivyoupinga wahakiki wa kifeministi, lakini atakuwa amepinga kitu alichokisoma. Na funzo kubwa zaidi ni hili: maneno yale yana mtoaji. Mama hakuyatupa njiani yaokotwe na apitaye. Aliyakabidhi, naye akasimama nyuma yake.

Hiyo ndiyo maana ya amana. Mwalimu anayempa mwanafunzi kitabu kigumu hampi karatasi na wino pekee. Anampa pia nafsi yake kama shahidi wa usomaji: atamuuliza alichoelewa, atamwonyesha mahali alipopotoka, na atanyamaza panapohitaji kimya. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo una simu kiganjani. Yale ambayo sheria imeyaondoa darasani hayajaondoka duniani. Yameondolewa mahali pekee ambapo yangesomwa mbele ya mtu mzima anayewajibika.

Itasemwa kwamba walimu nao huvunja amana. Ni kweli. Wapo wanaochagua kwa uvivu, kwa ushabiki, au kwa nia mbaya zaidi. Itasemwa pia kwamba mzazi ana haki ya kwanza juu ya mwanawe. Hilo nalo ni kweli, na mzazi anayeomba mwanawe apewe kitabu kingine asikilizwe. Lakini haki hiyo inakoma kwa mwanawe. Haimpi mamlaka juu ya watoto wa jirani. Ama kuhusu mwalimu mbaya, dawa ya amana iliyovunjwa ni hesabu: mwalimu aulizwe sababu za uteuzi wake na walimu wenzake, wazazi na wakaguzi, naye azitoe. Ponografia ina sheria yake na iendelee kuwa nayo. Hofu ya kifungo haimfanyi mwalimu awe mwangalifu. Humfanya aache kuchagua, na asiyechagua hana la kutolea hesabu.

Afrika Mashariki haina sababu ya kuitazama Florida kwa mshangao. Februari 2023, mwezi mmoja baada ya rafu za Manatee kufunikwa, Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja ya maadili. Nchini Kenya, Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu chake Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga gerezani, Sauti ya Dhiki, yalitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Hukumu ya madhara iliyotolewa na dola dhidi ya mwandishi haikudumu hata miaka 6 kabla ya kupishana na hukumu ya wasomaji.

Lipo pia jambo linalouma zaidi. Katika madarasa mengi ya Kenya hakuna rafu ya kufunikwa. Mtihani umefanya kazi ambayo kwingine imehitaji sheria: kitabu kisichotahiniwa hakisomwi, na kinachotahiniwa mara nyingi husomwa kupitia mwongozo, ambamo maudhui yameorodheshwa na wahusika wamekwisha kuhukumiwa. Hakuna aliyemtishia mwalimu huyo kwa jela. Amana yake aliiweka chini mwenyewe, kidogo kidogo, na idara za fasihi zilizomfunza zina sehemu katika lawama hiyo. Mwalimu wa Manatee aliyebandika karatasi alijua anachokificha. Mwanafunzi anayehitimu kidato cha nne akiwa amesoma miongozo mitatu na asiwe amemaliza riwaya hata moja hana karatasi ya kubandua.