Kaa Kwanza, Piga Hesabu

Tafakari ya wiki: Luka 14:28–30



Mahindi yameanza kutoka shambani, na wauzaji nao wamefika. Wiki hii mmoja wao, kijana mwenye adabu, aliniomba dakika tano za matangazo baada ya ibada awaeleze habari ya mifuko mipya ya kuhifadhia nafaka. Nilimkatalia. Napenda mjue sababu, kwa maana mifuko yenyewe naiona ni kitu chema.

Somo letu ni ule mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Hapo Bwana Yesu anazungumzia gharama ya kumfuata, hazungumzii kilimo. Lakini tazameni jinsi anavyochukulia kwamba kila mwenye akili anajua hili: kabla ya jiwe la kwanza, mtu hukaa chini, akaangalia alichonacho na kupima kama kitamfikisha mwisho. Kukaa huko hakuitwi uoga wala upungufu wa imani. Anayechekwa na majirani ni yule aliyekimbilia kujenga akaishia kwenye msingi. Sasa mkulima anayetangaziwa bidhaa kutoka madhabahuni hakai chini. Akisikia jambo mahali pale pale anaposikia Injili, kuuliza maswali anakuona ni kumkosoa mchungaji, basi anatoa fedha. Imani mliyonipa ni kwa ajili ya Neno. Sina haki ya kumkopesha mfanyabiashara imani hiyo, hata akiwa mkweli.

Shida ambayo kijana yule anataka kuitatua ni ya kweli. Dumuzi, mdudu wa ghalani ambaye wengi mnamwita Scania, asili yake ni Amerika ya Kati. Aligundulika Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 hivi, kisha akasambaa nchini na kuvuka mipaka. Miezi michache inamtosha kugeuza ghala kuwa vumbi. Mifuko hii ya tabaka tatu ilianzia Cameroon miaka ya 1980, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walikuwa wanatafuta njia ya kuokoa kunde. Ndani kuna mifuko miwili ya nailoni nzito, nje kiroba kimoja. Ukifungwa barabara hewa haiingii. Wadudu waliomo huimaliza ile iliyobaki, huacha kula, na mwishowe hufa. Hakuna dawa inayochanganywa na chakula cha watoto. Namshukuru Mungu kwa akili aliyowapa watu hao.

Mwaka jana wazee wa kanisa walikubali tuijaribu mifuko hii kwa mahindi ya sadaka ya mavuno, ili hasara ikitokea iwe ya usharika, isimwangukie mjane mwenye gunia nne. Mengine tuliyatia kwenye kiroba cha kawaida, mengine kwenye mifuko miwili mipya, stoo ile ile. Januari tulifungua mbele ya watu. Kiroba kilipoinuliwa kiliacha duara la unga sakafuni, na punje zilikuwa na matundu pande zote. Mfuko wa kwanza ulitoa mahindi mazima, yana harufu ya siku yalipopukuchuliwa. Wa pili ulikuwa umetobolewa na panya pembeni, tundu la kuingiza kidole, na humo dumuzi walikuwa wanaendelea kula. Habari ya panya hatukuwa tumeambiwa na muuzaji yeyote.

Ndipo mama mmoja akauliza: "Mchungaji, mimi nachota debe kila Jumamosi. Nikifungua kila mara, hewa si itaingia?" Itaingia. Afisa ugani wa kata, aliyekuwapo, alikubaliana naye pale pale, akashauri mahindi ya kula miezi ya mwanzo yakae kwenye kiroba cha kawaida, na mfuko mpya ubebe yale yatakayofunguliwa baadaye. Swali lile lilibadilisha hesabu za nyumba nyingi. Aliyedhani anahitaji mifuko sita aliona miwili inamtosha. Na anayelazimika kuuza yote Julai, alipe ada na deni la mbolea, hahitaji hata mmoja. Fedha ile ni afadhali ainunulie mbegu. Mfuko hurudisha gharama yake pale tu mahindi yanapokaa muda mrefu, yaliwe wakati wa njaa au yauzwe bei ikipanda. Kina baba, msinunue kabla ya kuwauliza wake zenu ni debe ngapi hutoka stoo kwa mwezi. Wao ndio wanaojua.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote. Mfuko haukaushi mahindi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na ukungu unaotoa sumu hiyo hustawi kwenye nafaka yenye unyevu. Sumu iliyoingia tangu shambani mfuko hauiondoi. Wataalamu wanataka unyevu wa mahindi uwe kama asilimia 13 kabla ya kuyafunga. Nani kati yetu ana mashine ya kupimia? Lakini chupa ya kioo iliyokauka mnayo. Tia mahindi kiasi, tia chumvi kavu, tikisa vizuri, acha ikae robo saa. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi. Yarudishe juani kwenye turubai.

Kijana wa mifuko hakukasirika. Amekubali kuja Jumamosi saa nne asubuhi, nyuma ya kanisa, pamoja na afisa ugani wa kata, na atakata mfuko mmoja ili tuone ulivyotengenezwa. Siku hiyo hatauza. Njooni na mahindi kidogo, chupa na chumvi, na wenye ndoa waje wote wawili. Walionunua msimu uliopita waje na mifuko yao, hata iliyotoboka. Walioamua kutonunua nao waje, watueleze sababu zao.