Je, Tuwapeleke Watoto Arusini kwa Jamaa?



Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwetu na ndugu wapya, liko moja ambalo huulizwa kwa sauti ndogo, kana kwamba muulizaji anaona haya. Swali lenyewe halihusu kifo cha Nabii Isa a.s. wala kudumu kwa wahyi. Ni swali la nyumbani. Mtu ameipokea Islam kwa njia ya Ahmadiyya na kufanya bai'at. Ana mke na watoto wadogo. Wazazi na ndugu zake wamebaki katika Ukristo huko alikozaliwa. Sasa imefika habari kwamba dada yake mdogo anaolewa, na mama yake anasema, "Njoo na wajukuu zangu wote." Je, aende? Na akienda, awachukue watoto?

Tuchukue mfano ulio wazi. Mtu huyu anakaa Morogoro na kwao ni Njombe. Safari ni ya siku nzima ndani ya basi. Watapita Mikumi, ambako watoto hushangilia wakiwaona twiga na pundamilia kando ya barabara. Watapanda mlima wa Kitonga kwa mwendo wa kobe, na hapo mtoto aliyeshiba maandazi huyarudisha yote juu ya nguo za mama yake. Kisha Iringa, Mafinga, Makambako, na mwisho Njombe yenyewe, ambako baridi ya Juni na Julai humshika barabara mtoto wa Morogoro asiyejua sweta. Na huko waendako kuna kanisa, kuna ngoma hadi usiku wa manane, kuna ulanzi na pombe za kila namna.

Baba anayafikiri haya yote na moyo wake unamwambia: Watoto wabaki. Nitakwenda peke yangu, nitoe mchango wangu, nirudi.

Namjua ndugu mmoja aliyeamua hivyo. Alikuwa mwenye bidii sana katika dini, na nia yake ilikuwa njema. Kwa arusi tatu za kwao alikwenda peke yake, na kila mara mama yake alipouliza watoto wako wapi, alijibu kwamba wana shule au wana homa. Nauli haikuwa ndogo, hilo ni kweli. Lakini sababu hasa ilikuwa hofu: alikuwa akiogopa macho ya watoto wake yasione kikombe mkononi mwa babu yao. Arusi ya nne haikuja. Ulikuja msiba wa mama. Siku hiyo watoto walikwenda. Mkubwa alikuwa na miaka tisa, na aliposimama mbele ya picha iliyowekwa juu ya meza alimwuliza baba yake, "Huyu ndiye nani?" Binamu zao waliwaita "watoto wa Waislamu," si kwa ubaya, bali kwa sababu hawakuwa na jina jingine la kuwaitia. Katika ukoo ule hakuna adui wa Islam aliyeisema vibaya kwa kiasi ilivyosemwa na kutokuwapo kwa watoto wale.

Sasa tutazame mafundisho. Kurani Tukufu, katika Sura Luqman, aya ya 16, imelisema jambo hili waziwazi kuliko wengi wetu tunavyothubutu. Inawataja wazazi wasio tu kwamba hawaamini, bali wanaojitahidi kumrudisha mtoto wao katika shirki. Mwenyezi Mungu anakataza kuwatii katika hilo. Lakini papo hapo anaamuru kukaa nao kwa wema katika mambo ya dunia. Amri zote mbili zimo katika aya moja. Ndugu yetu yule aliishika nusu ya kwanza kwa mikono miwili na nusu ya pili akaiacha idondoke.

Bibi Asma binti Abubakar r.a. alitembelewa Madina na mama yake aliyekuwa bado mshirikina. Hakujua afanye nini, akaenda kumwuliza Mtume Mtukufu s.a.w., naye akamwambia auunge udugu na mama yake. Tena Mtume s.a.w. amefundisha kwamba anayelipa wema kwa wema siye muungaji udugu wa kweli. Muungaji ni yule anayeuunga pale wengine walipoukata. Basi ikiwa jamaa hawakuukata, bali wameandika na kukualika, utasema nini?

Na kuhusu safari yenyewe ya mtoto, nakuomba, msomaji, ukumbuke jambo ambalo husomwa upesi katika maisha ya Mtume s.a.w. Alipokuwa na umri wa miaka sita, mama yake, Bibi Amina, alimchukua kutoka Makka mpaka Yathrib. Walikwenda kuwaona Banu Najjar, ambao walikuwa wajomba wa babu yake Abdul Muttalib. Ilikuwa safari ndefu jangwani pamoja na mtoto mdogo, na sababu yake ilikuwa jamaa. Wala haikuwa safari ya raha: wakati wa kurudi Bibi Amina alifariki mahali paitwapo Abwa, na mtumishi wao, Ummu Ayman, ndiye aliyemrudisha yatima yule Makka. Zaidi ya miaka 40 ikapita. Mwaka 622, alipofukuzwa na mji wake, aliingia Yathrib hiyohiyo, na nyumba aliyofikia ilikuwa ya Abu Ayyub Ansari r.a., mtu wa Banu Najjar. Sisemi kwamba Bibi Amina aliyajua hayo. Alikuwa mama kijana aliyetaka mwanawe awajue watu wa kwao. Nasema tu kwamba mzazi hajui ni mlango gani wa jamaa utakaohitajiwa na mtoto wake baada ya yeye kuondoka.

Wako wanaodhani kuwa furaha ya arusi yenyewe ndiyo dhambi. Hili si kweli, na tuliache upesi. Mtume s.a.w. aliruhusu wasichana kupiga dufu arusini, na alimwamuru Abdur-Rahman bin Auf r.a. afanye karamu ya arusi ijapokuwa kwa mbuzi mmoja. Anas r.a. ameeleza kwamba siku moja Mtume s.a.w. aliwaona wanawake na watoto wa Ansari wakirejea kutoka arusini, akasimama kwa ajili yao na kusema kuwa wao ni miongoni mwa watu anaowapenda mno. Watoto walikuwa wamekwenda arusini, nao walipokewa kwa upendo njiani.

Hata hivyo, hofu ya baba yule haikuwa upuuzi. Sharti la sita katika masharti kumi ya bai'at, yaliyotangazwa na Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., mwaka 1889, linatutaka tujiepushe na desturi zisizo za Kiislamu. Mtoto wa miaka minne hapambanui. Akiwaona watu wazima wanaopendwa wakilewa na kuchekelea, ataona ulevi ni sehemu ya mapenzi. Huwezi kumwekea hoja mbele yake; waweza tu kumwondoa. Na hapa Kurani Tukufu inatupa kipimo. Katika Sura Nisaa, aya ya 141, tunakatazwa kukaa pamoja na watu wanapozifanyia mzaha Ishara za Mwenyezi Mungu, mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Tazama neno hilo, "mpaka." Hatukuambiwa tuwahame daima, tumeambiwa tuinuke wakati ule. Nami naona kipimo hichohicho chafaa kwa pombe. Mchana wa arusi ni wa wazee, wa salamu, wa kupika, wa watoto kucheza na binamu zao. Mkeo amenye viazi pamoja na shangazi, nawe ubebe maji na viti. Jua likizama na vibuyu vikianza kuzunguka, watoto wamechoka, nawe una udhuru ambao hata mlevi anauheshimu: wanangu wanalala. Kanisani wewe ni mgeni. Kaa kwa adabu, usishiriki ibada, wala usijifiche.

Lakini iko hofu nyingine, na hii ndiyo iliyo nyuma ya zile zote. Mtoto wa miaka saba aliyesomeshwa dini atarudi kutoka kwa bibi yake, tumbo limejaa, moyo umejaa, na ndani ya basi atamwuliza baba yake: "Bibi si Mwislamu. Je, ataingia Motoni?"

Nadhani wazazi wengi huwaficha watoto wao jamaa kwa kuwa hawajui watajibu nini. Maana ukisema "ndiyo," umemfundisha mtoto kwamba kupenda ni kosa. Na ukisema "dini zote ni sawa," umeivunja bai'at yako kwa maneno yako mwenyewe. Jibu la Ahmadiyya si hilo wala lile. Hukumu juu ya mtu mmoja mmoja ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, ajuaye nani alifikiwa na ukweli na kwa namna gani. Tena sisi hatuamini kwamba Jahannamu ni ya milele. Tunaiamini kuwa ni kama hospitali, ambamo mgonjwa hutibiwa kwa dawa chungu mpaka apone, kwa kuwa rehema ya Mungu imekizunguka kila kitu. Basi mwambie mtoto: "Mungu anampenda Bibi kuliko wewe na mimi tunavyompenda. Tumwombee." Hili laweza kusemwa kwa mtoto wa miaka saba bila kusema uongo. Nalo afadhali asemewe akiwa bado ananukia moshi wa jiko la bibi yake kuliko asomeshwe siku moja darasani juu ya mtu asiyemjua.

Na kwa kuwa nimetaja uongo, niseme kidogo juu ya safari. Safari imeitwa na Mtume s.a.w. kuwa ni kipande cha adhabu, na msafiri akaambiwa afanye haraka kurudi kwa watu wake akimaliza haja yake. Katika adhabu hiyo ndipo mtoto anapomjua baba yake. Mama mmoja alimwita mwanawe mbele ya Mtume s.a.w. akimwahidi kumpa kitu. Mtume akauliza angempa nini, naye akajibu, tende. Akamwambia kwamba kama asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Sasa hesabu mwenyewe ahadi tunazotoa kati ya Morogoro na Njombe: "Tunakaribia kufika," "Ukinyamaza nitakununulia soda Iringa," "Kondakta atakushusha." Mimi mwenyewe nilipata kumpunguzia mwanangu umri ili apakatwe bila nauli, naye, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kusema kweli, alinisahihisha kwa sauti iliyosikika mpaka viti vya nyuma. Nililipa.

Kadhalika wako wanaume ambao safari nzima hukaa dirishani na kitabu, mama akiwa na mmoja mgongoni na mwingine mapajani, halafu mtoto akilia hutoa kofi. Mtume s.a.w. aliswali huku amembeba mjukuu wake Umama. Aliposujudu alimweka chini, aliposimama akamwinua. Alipokuwa akiswalisha na kusikia kilio cha mtoto, aliifupisha swala kwa kumhurumia mama. Na Masihi Aliyeahidiwa a.s. alichukia sana kuwapiga watoto. Kusoma habari hizi na kisha kukaa dirishani ni jambo gumu kulieleza.

Juu ya mchango sina mengi: toa kadiri ya uwezo wako, usikope, na mbakizie mtoto nauli ya kurudi. Kama mtoto ni mgonjwa, au ni mchanga mno, mwache pamoja na mama yake na useme sababu hiyo, maana hiyo ni sababu ya kweli. Swala za rakaa nne mtaziswali mbili safarini. Mwonyeshe mwanao namna hiyo basi linaposimama watu wale, atafurahi kuona kuwa Mungu amezifikiria safari.

Basi ikiwa mwaliko uko mezani pako hivi sasa, mjibu mama leo. Mwambie mnakuja, na mko wangapi. Mwambie mapema kwamba hamtakula nguruwe wala hamtakunywa pombe, ili asishtuke mbele ya wageni, na kwamba usiku watoto watalala nyumbani kwake na si penye ngoma. Mwulize kama anahitaji mchele kutoka Morogoro. Halafu nunua sweta za watoto kabla hamjapanda Kitonga.