Utulivu na Wakati

Mtu wa pwani, aliyezoea ubaridi mwanana wa kusi, akifika Tandala katika milima ya Makete mwezi wa Juni au Julai, huweza kukuta alfajiri umande umeganda juu ya majani ya viazi. Kila kitu kimetulia, naye hudhani hata wakati umesimama.

Je, utulivu ukitimia, wakati hukoma? Aristotle aliufanya wakati kuwa kipimo cha mwendo. Pasipo mwendo, basi, hapana cha kupimwa. Lakini maumbile hayatoi utulivu wa namna hiyo. Sakitu ya Tandala imeganda, na chembe zake zingali zikitikisika. Kikomo cha baridi ni nyuzi 273.15 za Selsiasi chini ya sifuri, nacho hukaribiwa bila kufikiwa. Na hata huko chembe zingebakiwa na mtikisiko usioondoleka. Ndiyo maana heliamu, katika kanieneo ya kawaida, haigandi hata ipozwe vipi.

Ajabu zaidi, saa zilizo sahihi kabisa leo hutumia atomu zilizopozwa hadi karibu na kikomo hicho. Atomu ikipunguza mbio, mapigo yake husomeka vyema. Baridi haikuukomesha wakati, iliudhihirisha.

Basi ajikunyataye ili siku zisimpite amejidanganya. Jua likipanda Tandala, sakitu huyeyuka, na jani lililoungua husawijika. Lilitulia usiku kucha, wala wakati haukulingoja. Atuliaye hubaki ndani ya wakati. Alichozidi ni kuusikia ukipita.