Ua la Tanga, karafuu ya Mkoani

Msimu wa karafuu ukishuka bandarini Mkoani, harufu inakupokea kabla ya wenyeji. Majamvi yametandazwa, watoto wanafukuza kuku. Ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, upande wa magharibi, ni Tanga. Huko, kwenye nyufa za majabali ya chokaa, ndiko lilikotoka ua dogo la zambarau ambalo leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, alilikuta, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen akaliandika: Saintpaulia ionantha. Yaani jina la mkubwa wa serikali, na neno la Kigiriki la kulifananisha na ua jingine la kwao. Tanga haimo.

Je, huo ni wizi? Wengi tungejibu haraka: ndiyo, tena mchana kweupe. Mimi nasita, na kinachonifanya nisite ni yale majamvi. Mkarafuu si wa Pemba. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Waholanzi walitaka biashara iwe yao peke yao, wakaikata mikarafuu ya wenyeji visiwa vizima. Mwaka 1770 watu wa Mfaransa Pierre Poivre wakatorosha miche mpaka Mauritius. Kwetu ilifika karne ya 19, ikalimwa kwa jasho la watumwa. Na sijamsikia Mpemba anayewaombea dua watu wa Maluku.

Kwa hiyo kama kuchukua mmea ni dhambi, tumo sote. Lakini ua lililokwenda Ujerumani halikuliacha jabali tupu. Deni, nionavyo, linaanza pale aliyefaidi asipouliza hali ya mama wa mbegu. Ua hili jua kali linaliunguza. Linaishi kwa kivuli cha miti iliyoota juu ya mawe. Mti ukikatwa mkaa, jiwe likachimbwa, basi tena. Ndugu zake kadhaa wa porini wako hatarini, huku ya vyungu yanauzwa kwa mamilioni.

Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, na Baron akashushwa cheo. Nilicheka kidogo. Wajerumani wa kawaida, wao wanaliita urujuani wa Usambara mpaka leo, hata asiyejua milima hiyo iko wapi. Sisi neno karafuu tumelitoa kwa Waarabu, Maluku haimo.