Mgeni Anayejenga Nyumba

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Yer. 28:1–11, Yer. 29:1–14; Dan. 1, Law. 19:33, 34, Ruthu 2, Ebr. 11:8–16.

Fungu la kukariri: Yeremia 29:7. Darasa lisome fungu hili kwa pamoja kutoka katika Biblia, kisha kila mmoja alieleze kwa maneno yake mwenyewe.

Fikiria mama kijana aliyetoka milima ya Upare akaja kuishi Sombetini, katika Jiji la Arusha. Amepanga chumba kimoja katika nyumba yenye wapangaji saba. Anashona nguo katika kibanda cha fundi karibu na soko la Mbauda. Kila Sabato yuko kanisani, na jua likizama huwapigia simu ndugu zake wa nyumbani. Akiulizwa atakaa Arusha hadi lini, hujibu, "Nipo kwa muda tu." Jibu hilo amelitoa kwa miaka minne.

Usiku mmoja mwanawe akashikwa na homa kali. Mama akasimama uani akiitazama milango sita iliyofungwa, asijue abishe upi. Hakuna jirani aliyemkosea. Ila hakumfahamu hata mmoja wao.

Watu wa namna yake ni wengi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 617,631. Wamo waliozaliwa mjini, na wamo waliofika na begi moja na namba ya simu ya ndugu. Juma hili litachunguza jinsi Mungu anavyotaka watu Wake waishi mahali ambapo hawakuzaliwa.

JUMAPILI: Unabii wa Miaka Miwili

Soma Yeremia 28:1–4, 10, 11 na 29:4–10. Hanania aliahidi nini? Barua ya Yeremia ilisema nini?

Watu wa Yuda waliokuwa wamechukuliwa mateka walikuwa Babeli, mbali na hekalu na makaburi ya baba zao. Hanania akatangaza kwamba baada ya miaka miwili Bwana angewarudisha. Unabii huo ulipendeza, lakini Mungu hakuutuma. Mtu anayetarajia kuondoka baada ya miaka miwili hapandi mti wala hajishughulishi na jirani.

Barua ya Yeremia, iliyopelekwa na Elasa na Gemaria, ilitaja miaka sabini. Iliwaagiza mateka wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, na wauombee mji ule, kwa kuwa amani yao ingetokana na amani yake. Bwana hakuwaambia kwamba Babeli ni pazuri. Aliwaambia kwamba Yeye ndiye aliyewapeleka huko, na kwamba angesikia maombi yao wakiwa huko huko.

"Nipo kwa muda tu" ni unabii wa Hanania katika kinywa cha mpangaji. Unasikika kama uaminifu kwa nyumbani, kumbe unamfanya mtu aishi miaka mingi bila kumpenda yeyote aliye karibu naye.

Ni mambo gani mema unayoyaahirisha kwa sababu unajiona mpita njia?

JUMATATU: Aliyokubali Danieli

Soma Danieli 1:3–16. Orodhesha mambo ambayo Danieli aliyakubali, kisha lile alilolikataa.

Danieli alijifunza elimu na lugha ya Wakaldayo. Aliitwa Belteshaza, jina ambalo mama yake hakumpa. Alifanya kazi katika jumba la mfalme wa kigeni. Lakini aliazimu moyoni asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme. Hata hapo hakufoka. Alimwomba mkuu wa matowashi kwa heshima, kisha akamwendea msimamizi na pendekezo la siku kumi.

Wapo wanaohamia mjini wakakataa kila kitu: lugha ya mtaa, salamu zake, hata misiba yake. Wapo pia wanaokubali kila kitu, na baada ya mwaka mmoja Sabato yao imekwisha. Danieli alijua kutofautisha desturi na amri ya Mungu, kwa hiyo aliweza kulegea katika ya kwanza na kusimama imara katika ya pili.

Siku za kwanza, mwenye kibanda alimwambia yule mama kwamba Jumamosi ndiyo siku ya wateja wengi. Mama akajibu, "Kaka, naomba Jumamosi unisamehe, ni siku ya Bwana. Nitakuja Jumapili, na siku nyingine nitachelewa kutoka." Akakubaliwa. Si kila anayeomba hukubaliwa, na wapo waliopoteza kazi. Kanisa lililowafundisha kusimama linapaswa kusimama pamoja nao mwisho wa mwezi, kodi ya chumba inapodaiwa.

JUMANNE: Wageni wa Mwaka 1903

Mwaka 1903 wamisionari wawili Waadventista kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare na kuanza kazi huko Giti. Walikuwa wageni kabisa katika milima ile. Wamisionari waliofuata walilazimika kukaa kama wanafunzi mbele ya watu waliokuja kuwafundisha. Mmoja wao, Ernst Kotz, alijifunza Chasu, lugha ya Wapare, kiasi cha kuandika kitabu cha sarufi yake, kilichochapishwa mwaka 1909.

Injili ilifika Upare pamoja na wageni waliojifunza lugha ya wenyeji. Leo wajukuu na vitukuu vya waliopokea ujumbe ule wamekuwa wageni Arusha, chini ya Mlima Meru, miongoni mwa Waarusha, Wameru, Wamaasai, Wachaga na wengine wengi. Sasa zamu ya kujifunza ni yao.

Mara nyingi kujifunza huanza na jambo dogo. Mtoto wa Kipare husema "Shikamoo" na kungoja "Marahaba." Mtoto wa Kiarusha humwinamishia mzee kichwa ili aguswe. Asiyejua huweza kumwona mzee wa Kiarusha kuwa mkali, naye mzee akamwona mtoto hana adabu, kumbe kila mmoja anangoja heshima aliyoizoea.

Soma 1 Wakorintho 9:19–23. Paulo alikuwa tayari kujifunza nini kwa ajili ya wengine? Wewe umejifunza nini kutoka kwa jirani wa kabila lingine?

JUMATANO: Baada ya "Wageni Wasimame"

Soma Mambo ya Walawi 19:33, 34 na Ruthu 2:8–16.

Mungu aliwaamuru Israeli wampende mgeni kama nafsi zao, akiwakumbusha kwamba walikuwa wageni Misri. Boazi aliitii amri hiyo shambani mwake. Alimwambia Ruthu mahali pa kuokota masazo, akawakataza vijana wasimguse, akamwonyesha maji ya kunywa, akamketisha na wavunaji wakati wa chakula. Tena akaagiza masuke yaachwe makusudi, ili apate bila kufedheheshwa.

Sabato asubuhi mgeni huombwa asimame, ataje jina na kanisa alikotoka, na washiriki humkaribisha kwa furaha. Ni desturi njema. Lakini saa nane mchana mgeni huyo anakula wapi? Nani anajua chumba chake kilipo? Kundi la wenyeji wa mkoa mmoja huwa faraja kwa mgeni, ila likiwa ndilo kanisa lote kwake, wengine wanabaki nje.

Katika darasa lako, nani amehamia mwaka huu? Nani amekwisha kumtembelea?

ALHAMISI: Jina Liko Wapi?

Mwongozo wa Kanisa unaelekeza kwamba mshiriki anayehamia mahali pengine kwa zaidi ya miezi sita aombe barua ya uhamisho mara moja. Karani wa kanisa jipya humwandikia karani wa kanisa la awali, na jina husomwa mbele ya washiriki kabla ya kupigiwa kura. Hata hivyo, wengi huishi mjini miaka mingi, majina yao yakiwa bado kijijini.

Mshiriki wa namna hiyo hawezi kuchaguliwa katika huduma. Akiugua, mzee wa kanisa huenda asijue. Akirudi nyuma, hakuna anayemtafuta, kwa maana kijijini wanadhani yuko salama mjini, na mjini wanadhani ni mgeni tu. Kuomba barua ya uhamisho ni njia mojawapo ya kujenga nyumba na kupanda bustani.

Soma Waebrania 11:8–16. Ibrahimu alikaa katika hema maisha yake yote, akiutazamia mji wa Mungu. Lakini popote alipopiga hema alijenga madhabahu, na Wahethi walimheshimu (Mwa. 23:5, 6). Tumaini la mji wa mbinguni halikumfanya awe mgeni asiyejulikana na majirani.

IJUMAA: Tafakari Zaidi

Usiku ule mama alibisha mlango wa karibu zaidi. Akafungua mama mzee wa Kiarusha, asiye Mwadventista. Akamshika mtoto paji la uso, akamwamsha mwanawe mwenye bodaboda, akajifunga kanga na kufuatana nao hadi hospitali. Wakiwa wameketi wakingoja daktari, alisema, "Hodi yako nimeingoja siku nyingi, mwanangu."

Mtoto alipona. Juma lililofuata mama alimwendea karani wa kanisa. Na alipoomba jioni, aliwataja majirani zake sita, kila mmoja kwa jina.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini ujumbe wa Hanania ulipendwa kuliko wa Yeremia? Ni kwa namna gani unahubiriwa hata leo?

2. Mshiriki anawezaje kutambua kwamba jambo fulani ni desturi tu, na jingine ni amri ya Mungu? Toeni mifano ya mtaa wenu.

3. Mama mzee hakuwa Mwadventista, lakini alitenda kama Boazi. Hilo linalifundisha nini kanisa?

4. Kila mwanadarasa awataje kimoyomoyo majirani zake watatu. Asiyeweza, ajiwekee siku ya kupiga hodi juma hili.